Vizibo vya Soda na Irabu Tano

Mwanangu alipofikisha miaka mitatu na miezi minne alikuwa tayari anaimba alfabeti ya Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ameisikia mara nyingi kwenye simu ya dada yake, na majirani zetu hapa Pasua, Moshi, walinipongeza kana kwamba amefaulu mtihani. Nami nilifurahi, mpaka siku nilipomwonyesha "e" kwenye mfuko wa unga nikamwuliza ni herufi gani. Alijibu bila kusita, "Ni i, mama." Nilipomwonyesha "i" yenyewe akasema "ai", na "a" kwake ilikuwa "ei". Hakukosea, kwa sababu hivyo ndivyo Waingereza wanavyoziita herufi zao; lakini mtoto ambaye maneno yake ya kwanza kusoma yatakuwa "embe" na "kiti" alikuwa amekwisha kubebeshwa majina yatakayomchanganya kabla hajaishika kalamu.

Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja ina sauti ileile popote inapokaa, iwe mwanzoni mwa neno, katikati au mwishoni. Ukimpa mtoto sauti hizo tano umempa nusu ya kila silabi atakayoisoma baadaye. Kwa hiyo niliamua kuanzia hapo. Wimbo sikuukataza, maana kumnyang'anya mtoto wimbo ni kutafuta vita ndani ya nyumba. Niliuacha uwe wimbo tu.

Mangi wa duka la jirani alinikusanyia vizibo vya soda, nikavichemsha, nikabandika karatasi ndani ya kila kimoja na kuandika herufi ndogo kwa maka peni. Navificha chini ya majani makavu ya migomba uani, naye anavitafuta, na sharti letu ni moja: akiokota kizibo asiseme jina la herufi, bali atoe sauti yake. "A" tunaitoa kama mtu aliyeambiwa na daktari apanue kinywa, "o" kama anayeitika akiwa mbali shambani, "u" kama upepo unaopita dirishani. Asubuhi moja alizunguka ua mzima akiwa upepo, na hapakuwa na kizibo chochote mkononi. Nilimwacha.

Kabla ya vizibo nilikuwa nimejaribu kupanga herufi kwa punje za maharage. Punje moja iliishia puani, ikatolewa kwenye zahanati kwa kibano na machozi mengi, na tangu siku hiyo kitu chochote kinachoweza kuingia puani au kumkaba koo hakimo katika michezo yetu. Hata vizibo navihesabu kabla na baada ya mchezo, wala simwachi navyo peke yake.

Baada ya irabu sikufuata mpangilio wa a, be, che, de. Nilimpa "m", kwa sababu ukiwa na "m" na irabu tayari una mama, mimi na umeme, na neno hili la mwisho analijua vizuri, kwa kuwa ndilo analolisikia likitajwa kila taa zinapozimika. Hapo nilivunja kanuni yangu ya herufi ndogo. Tukiwa barazani asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, nilichora M kubwa mavumbini na kumwonyesha vilele viwili vya Kilimanjaro, Kibo upande wa kushoto na Mawenzi upande wa kulia. Alitazama mlima, akatazama mchoro wangu, kisha akaniambia kwamba nimekosea, kwa sababu kile cha kulia kimevunjikavunjika. Ni kweli, Mawenzi umechongoka vibaya. Hata hivyo tangu siku hiyo M inaitwa mlima, na anaitembelea kwa miguu, akipanda na kushuka juu ya mistari niliyoichora kwa kijiti.

Jumapili tunapopika chapati napata donge dogo la unga uliokandwa, nalivingirisha liwe "s" au "o", yeye analifuatisha kwa kidole, kisha linakaangwa na kuliwa. Penseli bado sijampa. Vidole vyake havijawa na nguvu ya kuishika, na sioni sababu ya kuharakisha, ingawa wapo wanaoniuliza kwa nini mtoto hana daftari. Mchezo wetu huchukua dakika kumi, pengine tano, na akichoka tunaacha hapohapo hata kama tulikuwa tumebakiza herufi moja.

Hadi sasa anazitambua herufi tisa kati ya ishirini na nne, nikiihesabu "ch" kuwa moja. Kusoma hajui, na wala simdai.

Mwezi uliopita tulikwenda Uru kumsalimia mama mkwe wangu. Mtoto alipakatwa na bibi yake, na baada ya muda nikamwona anapitisha kidole kwenye maandishi ya kanga aliyojifunga bibi, taratibu, kisha kidole kikasimama.

"Bibi, hapa una mlima," alisema.

Bibi, ambaye hakuna aliyemweleza habari za vizibo wala za M, aligeuka akatazama nje kupitia mlangoni, akaona mawingu yamejaa huko juu, akamjibu kwa upole, "Leo hauonekani, mjukuu wangu. Labda kesho asubuhi."