Amplifaya ya valvu: volti 250 ambazo breka haizioni

Dodoma, Agosti

Nyumba ikiwa na breka ya RCD kwenye ubao wa umeme, mtu hujiona salama. Kwa pasi na jokofu yuko salama kweli. Kwa amplifaya ya valvu, yaani ya zile taa za kioo zinazokuza sauti, usalama huo unaishia kwenye transfoma, na hili ndilo neno la kwanza ninalopenda fundi kijana alisikie kabla hajanunua hata rezista moja.

RCD inalinganisha mkondo unaotoka kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika kiwango chake, ambacho majumbani kwa kawaida ni miliampea 30, inakata. Lakini ukishavuka transfoma hakuna tena laivu wala nyutro. Kuna koili ya pili peke yake, diodi, na kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji) zilizojaa volti 250 au zaidi. Shika volti hizo kwa mkono mmoja na chasisi (sanduku la chuma la amplifaya) kwa mwingine, mkondo utapita kifuani na kurudi kwenye koili hiyo hiyo, na kule ukutani breka itakaa kimya. Chomoa plagi, kapasita bado zimejaa. Kwa hiyo leo naandika ujenzi kwa jicho la mpimaji: kila kifaa kiwekwe ukijua utakipimaje.

Sakiti ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ya stereo, valvu tatu tu: ECC83 moja ambayo ndani yake ina valvu mbili, nusu kwa kila upande, na EL84 mbili za kutoa nguvu. Kila upande unatoa kama wati 4 hadi 5. Wati hizo zinaonekana kidogo kwa aliyezoea maandishi ya "wati 1000" kwenye maboksi ya sabufa, lakini kwa spika kubwa yenye usikivu (ukubwa wa sauti kwa kila wati) wa desibeli 92 na kuendelea zinajaza sebule. Kwa vispika vidogo vya desibeli 84 zitakukatisha tamaa, na kosa halitakuwa la valvu.

Tuanze na umeme wa juu, yaani zile volti 250. Transfoma maalumu za valvu hazipatikani kwenye maduka ya spea za redio hapa mjini, iwe Majengo au Sabasaba. Njia inayofanya kazi vizuri ni kutumia transfoma mbili za kawaida za volti 230 kwa 12, mgongo kwa mgongo. Ya kwanza, ya VA 100, inashusha umeme hadi volti 12. Ya pili, ya VA 60 au zaidi, unaigeuza: volti 12 zinaingia upande mdogo, upande wa 230 unakuwa mlango wa kutokea. Transfoma ndogo huzidishiwa mizunguko upande wa pili ili kufidia upotevu, kwa hiyo ukiigeuza hupati 230 bali kama 195 hadi 210. Zikipita kwenye diodi nne za 1N4007 na kapasita, zinatulia karibu na volti 250 za DC valvu zikiwa zinafanya kazi. Ni kiasi kile kile EL84 inachotaka. Kumbuka tu kwamba lebo ya transfoma ya pili bado inasema "ingizo 230". Kata plagi yake kama ilikuja nayo, na andika juu yake kwa kalamu nene: HAPA UMEME UNATOKA.

Volti 12 zile zile zinawasha hita, ule waya ndani ya valvu unaoipasha joto. EL84 moja inataka volti 6.3 na ampea 0.76. Mbili zikiungwa kwa mfululizo zinakula volti 12.6. ECC83 nayo inakubali 12.6 ukitumia pini ya 4 na ya 5 na kuiacha ya 9. Volti 12 kamili ni upungufu wa chini ya asilimia tano, haudhuru. Ukichomoa EL84 moja, nyenzake inazimika pia, kwa hiyo usishtuke. Waya za hita zisokotwe pamoja kwa kubana, zipite kwenye kona za chasisi, na kila ncha ipewe rezista ya omu 220, nusu wati, kwenda kwenye chasisi. Usipofanya hivyo, mvumo wa hezi 50 utausikia hadi uani.

Kuchuja mvumo wa upande wa juu kuna vitu viwili: kapasita na choki, yaani koili yenye kiini cha chuma. Hapa tuna bahati. Choki za chuma za tyubulaiti ya futi nne, zile za wati 36 ambazo watu wanazing'oa wakihamia taa za LED, zina takriban henri moja na zimetengenezwa kubeba mkondo mkubwa kuliko tunaouhitaji. Mpangilio ni kapasita ya mikrofaradi 47, kisha choki, kisha mikrofaradi 100, zote za volti 450. Usinunue za 350 kwa kubana bei. Dakika ile ya kwanza kabla valvu hazijapata joto hakuna kinachovuta mkondo, na volti zinapanda hadi 300 na ushee. Usiku umeme ukiwa juu zinaweza kukaribia 335. Sambamba na kapasita ya mwisho weka rezista ya kilo-omu 100, wati 2, ya kumwaga chaji. Ilehemu moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita, isitegemee waya unaoweza kukatika. Kwa mikrofaradi 147 na kilo-omu 100, volti 250 zinashuka hadi 25 katika sekunde kama 34, na baada ya dakika moja na nusu hakuna cha kuogopa. Hapo ni iwapo rezista iko hai, na ndiyo sababu unapima kila mara.

Transfoma ya kutolea sauti ndiyo moyo wa kazi. Inatakiwa omu 5,200 upande wa valvu kwa spika ya omu 8, maana yake uwiano wa mizunguko wa 25.5 kwa 1. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kuisuka, na wengi mikono yao ni mizuri, ila waelekeze jambo moja ambalo katika kazi zao za kila siku hufanywa kinyume. Transfoma ya umeme hupangwa bati za E na I kwa kupishana. Hii yetu inapitisha miliampea 40 za DC muda wote, na bati zikipishana chuma kinashiba sumaku na besi inapotea. Bati zote za E zikae upande mmoja, zote za I upande mwingine, na katikati karatasi nyembamba ya unene wa milimita 0.1 hadi 0.2. Kuikagua ni rahisi: peleka volti 12 za AC kwenye upande mkubwa, pima upande wa spika. Mita ikisoma karibu na 0.47, uwiano ni sahihi. Usifanye jaribio hili kwa kugeuza, yaani kupeleka volti 12 upande wa spika, maana upande wa pili zitatoka zaidi ya 300.

Rezista zenyewe hazina mambo mengi. Jua tu kwamba ndani ya valvu kathodi hutoa elektroni, anodi huzipokea, gridi huzidhibiti, na kwenye EL84 skrini husaidia kuzivuta. ECC83: kilo-omu 100 kwenye anodi, kilo-omu 1.5 kwenye kathodi, bila kapasita ya kathodi, kwa sababu ukuzaji wa mara 30 unaobaki unatosha simu au redio yoyote. Umeme wake upitie kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 22, volti 450. Kapasita ya kuunganisha kwenda EL84 iwe ya filamu, mikrofaradi 0.1, volti 630. EL84: kilo-omu 470 kutoka gridi kwenda chasisi, kilo-omu 2.2 iliyolehemiwa kwenye pini ya gridi yenyewe, omu 100 kwenye skrini. Rezista ya kathodi vitabu vinasema omu 135. Mimi nasema 180, wati 2, na kapasita ya mikrofaradi 220, volti 25. Kwa 135 valvu inakaa kwenye wati 11.7 wakati mpaka wake ni 12, na umeme wa huku kwetu haukai mahali pamoja. Kwa 180 inakaa karibu na 10, sauti haipungui kwa kiasi unachoweza kukisikia, na valvu inadumu.

Chasisi ya chuma lazima iwe na ethi. Bolti yake iwe ya peke yake, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, wosha yenye meno, nati mbili. Choki na transfoma zote ziwe zimeshikana na chasisi hiyo. Swichi na fyuzi ya miliampea 630 ya aina ya polepole zikae kwenye laivu, na ndani ya plagi ya pini tatu toa fyuzi ya ampea 13 uweke ya 3. Baada ya diodi weka fyuzi nyingine ya miliampea 250. Halafu kuna soketi yenyewe. Ziko nyumba ambazo tundu la ethi lipo ila nyuma yake hakuna waya. Na hata palipo na waya, udongo wa Dodoma ukikauka kuanzia Mei hadi Novemba ukinzani wa ethi unapanda. Mita ikisoma 230 kati ya laivu na ethi inaonyesha waya upo, haithibitishi kuwa ethi ni nzuri. Mwite fundi umeme aipime kwa kipimo chake.

Sasa kupima. Andaa soketi ya majaribio yenye globu ya waya ya wati 60 iliyoungwa kwa mfululizo kwenye laivu. LED haifai, tunahitaji ule waya unaopata joto na kuzuia mkondo. Andaa pia rezista ya kilo-omu 4.7, wati 5, yenye kibanio cha mamba kila upande na waya wenye ganda nene, ya kumalizia chaji. Wanaopiga shoti kwa bisibisi wanaunguza kapasita, na cheche ile inaruka kuelekea macho.

Kwanza bila umeme. Pini ya ethi hadi chasisi: chini ya nusu omu. Laivu hadi chasisi: mita isisome kitu. Umeme wa juu hadi chasisi: namba ipande taratibu kuelekea kilo-omu 100. Ikigoma kwenye omu chache, kuna shoti au kapasita imegeuzwa, na kapasita iliyogeuzwa hupasuka.

Pili, kupitia globu, valvu zikiwa nje. Globu iwake kwa nguvu mara moja kisha ififie. Ikibaki inang'aa, zima. Ncha nyeusi ya mita ibanwe kwenye chasisi kwa kibanio kabla ya kuwasha, ncha nyekundu ishikwe kwa mkono mmoja, mkono wa pili uwe mfukoni. Viatu vya raba, sakafu kavu, na mtu mwingine awepo anayejua swichi iko wapi. Soma volti 13 hivi za hita na 280 hadi 310 za juu. Zima, kaa na mita uangalie zinavyoshuka. Zisiposhuka, rezista ya kumwaga haijashika.

Tatu, weka valvu na spika, au rezista ya omu 8, wati 10. Usiwashe kamwe bila mzigo upande wa spika. Sauti ikiingia, transfoma inazalisha volti nyingi sana zinazotoboa maganda ya waya. Kwa globu hita zitakuwa dhaifu, kwa hiyo hapa unatafuta moshi na harufu tu. Pakiwa kimya, toa globu, washa moja kwa moja, subiri dakika mbili. Kila hita ya EL84 iwe na volti 5.7 hadi 6.9. Pini ya 3 ya EL84 (kathodi): karibu volti 8. Gawa kwa 180 upate miliampea 45 hivi. Pini ya 7 (anodi) na ya 9 (skrini): karibu 240 hadi 250. Pini ya 2 (gridi): sifuri. Anodi za ECC83, pini ya 1 na ya 6: 140 hadi 170. Namba hizi ziandike kwa kalamu ndani ya kifuniko cha chini, pamoja na volti za ukutani za saa hiyo.

Pini ya 2 ikisoma hata volti moja chanya, kapasita ya kuunganisha inavuja. Kathodi itapanda, anodi itaanza kuwa nyekundu, na ukichelewa transfoma ya sauti inafuata. Kathodi ikisoma sifuri, mara nyingi umehesabu pini vibaya: zinahesabiwa kwa kutazama chini ya soketi, kufuata saa, kuanzia kwenye pengo. Mvumo unaopungua ukizungusha transfoma ya sauti kwa nyuzi 90 ni wa sumaku; usiopungua utafute kwenye waya za chasisi, zote za sauti zikutane mahali pamoja tu.

Kwa masikio, anza na sauti ya mtangazaji wa redio, maana kila mtu anajua mtu anavyosema. Rekodi za Hukwe Zawose ni nzuri mno kwenye EL84, lakini ilimba ya Wagogo, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ina mrindimo wake wa makusudi, na nimesikia mafundi wakiutafuta kwenye lehemu. Mashine nzima inakula kama wati 60, yaani uniti moja ya LUKU kwa saa kumi na saba hivi.

Rudia vipimo baada ya saa moja ya kuwaka, kisha usiku wa manane umeme ukiwa umepanda. Na kabla ya mvua za Novemba, ikiwa imezimwa na chaji imemwagwa, fungua upige brashi kavu kwenye soketi zote: vumbi la miezi hii likipata unyevu linapitisha mkondo kati ya pini ya 7 na majirani zake.