Siku moja maishani mwangu: karakana ya bunduki, Arusha

Saa 2 asubuhi. Baridi ya Juni ya hapa kwetu mnaijua. Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai 1, kwa hiyo mwezi huu sisi mafundi hatupumui. Mteja wa kwanza ni mwindaji bingwa, mtu mzima.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mwanangu, hii darubini imekufa. Risasi ya kwanza hapa, ya tatu kule.”

Kabla ya yote nalinganisha leseni na namba iliyochongwa kwenye chuma. Zisipofanana, hata bisibisi sishiki. Zimefanana. Ni .375 H&H (Holland & Holland), risasi iliyotoka London mwaka 1912 na mpaka leo ndiyo ya nyati, na bunduki yenyewe ina bodi ya Mauser, yaani kile chuma cha katikati kinachopokea risasi na kushika mtutu.

Darubini husingiziwa sana. Nimeuliza bunduki ilikuwa wapi, kumbe imelala Dar tangu msimu uliopita. Mbao ya bunduki hunywa unyevu wa pwani ikavimba, ikipanda huku inasinyaa, na chuma kilichofungwa juu yake kinakaa kimejikunja.

Saa 3. Nimemwonyesha mzee. Naweka kidole chake pale mtutu unapokutana na ncha ya mbao, nalegeza skrubu ya mbele taratibu. Mtutu ukainuka chini ya kidole, naye akausikia. Bodi iliyokaa sawa haitikisiki ukilegeza. Akaguna, akaondoka.

Mpaka saa 6 ni patasi na vumbi. Dawa yake ni kukilaza chuma kwenye kitanda cha gundi, kikae bila kujikunja. Napunguza mbao ndani ili gundi ipate unene, hasa nyuma ya lile jino la chuma chini ya bodi linalopokea teke la bunduki ikifyatuliwa. Kwa .375 teke si la mchezo. Jino lisipoegemea vizuri, mbao itapasuka siku moja. Chai na chapati tumekula tumesimama.

Saa 7. Kazi ya woga. Gundi ya epoksi haichagui: ikiingia kwenye tundu la skrubu ikaganda, chuma na mbao vimeoana na talaka hakuna. Kila tundu tumeziba kwa plastisini. Kisha kiwi ya viatu, ndiyo, ile ya kopo, tabaka mbili juu ya chuma chote kitakachogusa gundi, na skrubu pia. Mbele, pembeni na chini ya jino nabandika tepu. Nyuma naacha bila tepu, maana huko ndiko linatakiwa kuegemea kabisa. Tepu nyingine nazungushia mtutu ukae katikati ya mfereji wake.

Saa 9. Gundi imekorogwa polepole, isishike mapovu. Bodi imeshuka, ya ziada ikachuruzika pembeni, dogo wangu wa karakana akaifuta kwa pamba. Skrubu zinaguswa tu. Ukizikaza hapa umemrudishia mzee ugonjwa wake uleule, safari hii ndani ya epoksi.

Saa 11. Mzee kapiga simu, anaitaka kesho asubuhi. Gundi inataka saa 24, halafu ndipo nitoe bodi, nisafishe, nipitishe kipande cha karatasi chini ya mtutu kuhakikisha haugusi mbao, twende tukapige shabaha. Nimemwambia keshokutwa.

Bunduki imefungiwa sefuni. Gundi iliyobaki kwenye kikombe tumeiacha mezani: dogo akitaka kujua kama imekauka, abonyeze hiyo.