Jumamosi tuliyovuka maji kwenda kuiona Istanbul

Miezi mitano niko hapa Istanbul na nilichokuwa nakijua vizuri ni njia ya hosteli kwenda chuo, duka la chini ya hosteli na benchi moja pale Kadıköy ninapokaaga nikipiga simu nyumbani. Basi. Tesiti zilipoisha Alhamisi, dada wa Kituruki ninayekaa naye chumba kimoja akasema haiwezekani, Jumamosi tunavuka, sitaki visingizio. Tukawa wanne: mimi, yeye, kaka mmoja wa Kisomali anayesoma famasia na jamaa wa Nigeria wa uhandisi wa ujenzi, ambaye ndo alifanya tutembee polepole siku nzima maana kila ukuta wa zamani lazima auguse na kila nguzo lazima azunguke nyuma yake aone inaishia wapi.

Tulipanda feri ya saa tatu asubuhi kwenda Eminönü. Unagusisha tu Istanbulkart, kadi ya usafiri ya hapa, getini unaingia, dakika kama 20 hivi umetoka Asia umefika Ulaya, hakuna wa kukuuliza paspoti wala unaenda kwa nani. Mimi ambaye toka nifike nimekuwa mtu wa mafaili na foleni za kibali cha kuishi, jambo hilo lilinigusa sana, nikasimama nje kwenye baridi na chai yangu kwenye kile kigilasi kidogo nikiangalia shakwe wanavyoifuata feri, watu wanawarushia vipande vya simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, na wenyewe wanavidaka hewani. Upande wa kushoto ikaanza kutokea ile mistari ya makuba na minara ambayo nilikuwa naiona kwenye picha tu. Nilinyamaza.

Kutoka Eminönü kuna tramu ya kukupeleka mpaka Sultanahmet, mtaa wenye majengo ya kale, ila tuliamua kupanda kilima kwa miguu. Msikiti wa Sultan Ahmed, ule wenye minara sita uliokamilika 1616, kuingia ni bure, unavua viatu, sisi wadada tukajifunika, tukakaa kidogo tukatoka. Ni mzuri sana ila watu walikuwa wengi mno siku hiyo, nitarudi siku ya katikati ya wiki.

Nilichotaka kuwaelezea hasa ni Ayasofya, lile jengo la kale la ibada lenye kuba kubwa.

Mgeni akienda kama mtalii anaingilia ghorofa ya juu kwa tiketi ya yuro 25, na kwa hela ya mwanafunzi hiyo si ndogo, nilifikiria mara tatu. Wanaoenda kuswali wanaingia chini bure. Kwaiyo kaka wa Kisomali akaenda kuswali Adhuhuri, sisi tukapanda juu, na huko juu hakuna ngazi, ni njia ya mawe inayopinda pinda ukutani kama unapanda mlima ndani ya nyumba, afu ghafla unatokea kwenye roshani na lile kuba liko mbele yako. Jamani. Upana wake ni kama mita 31, kutoka sakafuni mpaka juu ni kama mita 55, na chini yake kuna duara la madirisha 40 kwaiyo mwanga unapita katikati unaona kama kuba halijashikiliwa na kitu. Jamaa wa uhandisi akatueleza kwa mikono yake, kwamba shida ya wajenzi ilikuwa kuliweka kitu cha duara juu ya mraba, wakatumia pembetatu nne zilizopinda kwenye kona kuushusha uzito mpaka kwenye nguzo kubwa nne, na yote hayo walijenga kati ya 532 na 537, miaka mitano tu! Kuba la kwanza lilianguka mwaka 558 baada ya matetemeko, wakajenga hili lingine juu zaidi. Likawa kanisa, 1453 likawa msikiti, 1934 wakaamua liwe makumbusho, 2020 likarudi msikiti. Tukamtafuta rafiki yetu chini kwenye lile zulia la kijani, tukamwona kwa jaketi lake, mdogo kabisa, na tukamwangalia akiswali bila yeye kujua.

Afu dada akanishika mkono akanipeleka kwenye ukingo wa marumaru wa upande wa kusini, akanionyesha mikwaruzo. Mikwaruzo tu, wameiwekea kioo cha plastiki juu. Kumbe ni maandishi ya runi, herufi za watu wa kaskazini, na kinachosomeka ni jina, Halfdan, mengine yamefutika. Inadhaniwa alikuwa mmoja wa wale askari wa kutoka Skandinavia waliokuja kumtumikia mfalme wa hapa, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nilikaa pale muda mrefu kuliko kwenye michoro ya dhahabu yenyewe. Nilimfikiria kijana yuko mbali na kwao, anasimama kwenye ibada ya lugha asiyoijua, hajui atarudi lini, anatoa kisu anaandika jina lake. Mimi najua hiyo hali. Nimekaa kwenye vipindi vya Kituruki wiki nzima nikishika neno moja moja.

Tulipotoka tukamsubiri kaka yetu, tukapita kwenye uwanja wa zamani wa mbio za farasi na pale kuna jiwe refu la Misri, kama mnara, limechongwa enzi za farao Thutmose wa tatu, likasimamishwa hapa mwaka 390 na mfalme Theodosius. Granaiti ya Aswan, Afrika kabisa, na maandishi yake bado yako wazi utasema ya juzi. Kwenye kitako upande mmoja Kilatini kinasema kazi ya kulisimamisha ilichukua siku 30, upande mwingine Kigiriki kinasema 32, na Mnigeria na Msomali wakabishana nusu saa nzima ipi ndo sahihi, hadi wauza karanga wakawa wanatusikiliza.

Jioni tukala mkate wa samaki pale karibu na daraja la Galata, juu wavuvi wamejipanga na ndoano zao. Kwenye geti la feri kadi yangu ikakataa, salio limeisha, na kabla sijatoa simu mama mmoja mtu mzima nyuma yangu akagusisha ya kwake, nikampa pesa taslimu akakataa katakata, akanipapasa bega akasema evladım, yani mwanangu, akapita zake kukaa.

Usiku nikampigia mama, shikamoo mama, nikamsimulia yote, kuba, Halfdan, yule mama wa feri. Akasikiliza mpaka mwisho, afu akauliza, "Sasa hilo jiwe la Misri, lilifikaje huko?" Nikamwambia kwa maji mama, walilishusha na mto Nile mpaka Aleksandria, likakaa pale miaka zaidi ya 30, ndo wakalipakia tena kwenye meli. Akanyamaza kidogo.

"Miaka 30," akasema. "Wewe umebakiza mingapi?"

Mitatu, mama.