Kuhama Siasa za Mitandaoni Bila Kurudi Wiki Ijayo

Wanaoaga mitandao kwa hasira hurudi mapema. Mabishano ya siasa yamechacha usiku, mtu katukanwa, kaandika "kwaherini," kaondoa programu kwenye simu, kalala. Kumbe kuondoa programu si kufuta akaunti. Akaunti ipo palepale, arifa zinaingia kwenye barua pepe, na siku ya tatu anafungua kupitia kivinjari "kuona tu walijibu nini." Kivinjari nacho kimehifadhi neno la siri, kwa hiyo hata kizuizi cha kulikumbuka hakuna.

Ujumbe wa kuaga wenyewe ni kosa la kwanza. Ni posti kama posti nyingine, inaalika komenti, na wewe utabaki kuzisoma. Ondoka kimya.

Inafaa kujua kwa nini makundi ya siasa ya mitandaoni yanang'ang'ania mtu. Mwaka 2017 Facebook iliipa kila alama ya hisia, ikiwemo ile ya uso wa hasira, uzito mara 5 ya "like" katika kuamua posti ipi ipande juu. Uzito wa hasira ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi ukawa sifuri mwaka 2020. Hata hivyo komenti bado zina nguvu, na mashine inayopanga posti haitofautishi komenti ya kuunga mkono na ya kulaani. Ukimjibu mzushi kwa hoja 10 safi, umemsukuma mbele ya macho ya watu ambao wasingemwona kabisa. Ndani ya kundi mambo ni mabaya zaidi: mwenye mipasho mikali ndiye anayeshangiliwa, mwenye maneno ya wastani ananyamaza, na baada ya miezi michache unaamini kwamba upande wa pili wote ni wendawazimu, na wa kwenu pia unakutia shaka.

Sasa kazi yenyewe, na mpangilio wake ni muhimu. Anza na nakala ya data zako. Omba kupitia mipangilio ya akaunti, na ukipewa kuchagua kati ya aina mbili za faili, HTML na JSON, chukua HTML, maana hiyo inafunguka na kusomeka kama ukurasa wa kawaida. Nakala haiji papo hapo. Inaweza kuchukua saa kadhaa au siku, na kiungo cha kuipakua huisha muda wake. Ikifika, ipakue siku hiyohiyo na ufungue picha mbili tatu kuhakikisha zipo.

Pili, tafuta huduma ulizojiunga nazo kwa kubonyeza "ingia kwa Facebook" au mfano wake. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Michezo, muziki, tovuti za kununulia vitu: kila moja ipe barua pepe na neno la siri lake kwanza, la sivyo unafuta akaunti moja na kufungiwa nje ya tano. Kama wewe ndiye admini pekee wa ukurasa au kundi, kabidhi mtu mwingine. Na ukumbuke kwamba kuzima akaunti ya Facebook kwa muda kunakuachia Messenger, ila kuifuta kunaondoka nayo.

Hapo ndipo unafuta. Facebook, Instagram, X na TikTok zote zinakupa siku 30 za kubadili mawazo. Ukiingia hata mara moja ndani ya siku hizo, unaweza kuwa umeifufua akaunti. Kwa hiyo ondoka kwanza kwenye vifaa vyote, futa neno la siri kwenye kivinjari, na ukate programu nyingine zilizounganishwa na akaunti. Andika siku ya 31 kwenye kalenda. Baada ya hapo Facebook inaweza kuchukua hadi siku 90 kumaliza kufuta ulichoweka, na meseji ulizowatumia watu zinabaki kwenye visanduku vyao.

WhatsApp ni kesi ya peke yake, kwa sababu huwezi kuifuta bila kupoteza mama, fundi na mwalimu wa mtoto. Makundi ya siasa yaache tu. Tangu 2022 anayeambiwa moja kwa moja kwamba umetoka ni admini peke yake. Kisha nenda kwenye faragha, sehemu ya makundi, uchague nani anaruhusiwa kukuongeza, usije ukarudishwa kesho asubuhi. Kundi la ukoo ambalo mjomba analijaza video za wagombea usilitoke, utazua kesi nyingine. Linyamazishe kwa chaguo la "daima," uliweke kwenye kumbukumbu, na uzime upakuaji wa video wa moja kwa moja. Pitia mara moja jioni uone kama kuna msiba au harusi.

Kuna gharama, na asiyeitaja anakudanganya. Utafiti uliofanywa Marekani kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018 uliwazimisha watu Facebook kwa wiki 4. Walipata kama saa nzima zaidi kwa siku na misimamo yao ya kisiasa ikapungua makali, lakini pia walijua habari chache kuliko wenzao waliobaki Facebook. Pengo hilo lizibe mapema: vyombo viwili vya habari unavyoviamini, kimoja kikiwa kile kinachokuudhi kidogo, visomwe kwa saa maalumu. Maandishi kuliko video, maana video ikiisha inakuletea nyingine.

Halafu kuna rafiki atakayekutumia picha ya skrini ya ugomvi na kuuliza, "Umeona hii?" Mwambie siku ya kwanza kabisa kwamba umetoka na picha hizo hutaki. Usipomwambia, atakuhudumia ugomvi uleule bila wewe kuwa na akaunti.