Pete haikutoka kirahisi

Nimetoka ukumbini sasa hivi, hapa Toronto. Bado nina donge kooni.

Jirani yangu mwenye asili ya Ukraine ndiye aliyenipa tiketi. Mchezo wa jukwaani, wanawake wanne wa kijijini huko Ukraine, wakati wa njaa ya 1932 hadi 1933. Njaa ile Waukraine wanaiita Holodomor.

Njaa nilizosimuliwa mimi huanza na mvua kugoma. Hii ilitoka kwa serikali ya Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti. Nafaka ilibebwa kijiji kwa kijiji, watu wake wakipita na vyuma kudunga sakafu na kuta kutafuta kilichofichwa. Kuokota masuke shambani? Sheria ya Agosti 1932 iliweza kukupa miaka 10, au risasi. Wakafa mamilioni.

Sasa, pete.

Mama mmoja anataka kuipeleka Torgsin, maduka ya serikali yaliyochukua dhahabu yako na kukupa unga. Pete ya ndoa haitoki. Vidole vimevimba kwa njaa.

Shoga yake anakilowesha kidole kwa mate, anavuta.

Halafu wanacheka!

Wanacheka kweli, kama mawifi jikoni siku ya harusi. Sisi ukumbini hatujui tucheke au tunyamaze. Pete ikachomoka, akaikabidhi bila hata kuitazama.

(Sehemu ya pili nyimbo zilizidi, lakini nimewasamehe.)

Jamani, bibi zenu waliwasimulia njaa za kwao? Waliuza nini, walificha nini? Niandikieni hapo chini, nasoma zote.