Kibao tulikiacha Tukuyu

Tumerudi juzi usiku. Sare za timu bado zimelowekwa kwenye beseni, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa kwa vumbi la Mzuzu, na mimi badala ya kufua nimekaa naandika.

Kwa msionijua: nafundisha Historia katika shule ya bweni ya wasichana huku Tukuyu, na kwa miaka sita sasa nimebeba timu ya netiboli. Sijawahi kuwa mchezaji wa maana. Mwalimu aliyekuwa nayo alihamishwa, filimbi ikabaki mezani kwangu, basi. Mwaka huu, baada ya kutolewa mapema UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, tukapata mwaliko kutoka shule moja ya wasichana ya Mzuzu, kaskazini mwa Malawi. Mechi mbili, siku nne, chakula na malazi juu yao, nauli juu yetu.

Habari za vibali nitaziruka. Aliyewahi kufuatilia barua ya safari ya wanafunzi anajua, na ambaye hajawahi, Mungu azidi kumwepusha. Inatosha kusema kwamba wasichana 12 walipata hati za dharura za kusafiria na kadi za homa ya manjano, na mzazi mmoja alinitumia nauli ya mwanawe kwa simu mara tano, vipande vipande, kila kipande na ujumbe wa kuomba radhi.

Kutoka Tukuyu kwenda mpakani ni kuteremka tu. Baridi ya migomba na mashamba ya chai inakuachia taratibu, masweta yanavuliwa moja moja, na ukifika Kyela kwenye mpunga na kokoa unashangaa ulivaaje vile asubuhi. Kasumulu ndiyo mwisho wa kwetu. Ukivuka daraja la Mto Songwe, simu inarudi nyuma saa moja yenyewe. Dereva wetu alikuwa na saa ya mkono, si simu, na hakutaka kuamini. Njia nzima alikuwa anatukimbiza, anasema tumechelewa, na mimi namwambia tumewahi. Ongeza hapo kwamba wenzetu saa mbili asubuhi wanaiita nane, mkajionee wenyewe mazungumzo yetu yalivyokuwa.

Uhamiaji upande wa pili, ofisa aliniangalia, akaona mwalimu mwenye faili, akanisemesha Kiingereza. Wamama wa mchele waliokuwa nyuma yangu akawasemesha Kiswahili, tena cha kutaniana. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya nne Agosti 2019, kwenye mkutano wa Dar es Salaam. Wamama wa mchele hawakungoja mkutano.

Tukaingia Karonga kosta ikiwa inachemka. Mkanda wa feni umekatika. Tukaegesha karibu na soko, kwenye jua la ziwani ambalo halina aibu, wasichana wakajibanza kwenye kivuli cha ukuta. Dereva akamfuata kijana mmoja mwenye spana mkononi. Kiswahili cha yule kijana kilikuwa cha salamu na bei, Kiingereza cha dereva ni cha breki na gia, na neno "mkanda" halikuwa upande wowote. Wakaishia kuchorana kwa kidole kwenye vumbi la boneti.

Hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia, na inabidi nirudi Machi.

Shuleni kwetu, kama shule nyingi, Kiingereza ndicho kinachoruhusiwa. Ukikamatwa na lugha nyingine unavishwa kibao shingoni. Chetu ni kipande cha mbao, ukubwa wa kibao cha kukatia mboga, kina kamba ya katani na maandishi ya rangi nyekundu ambayo kila mwaka yanapakwa upya. Usiku mmoja wa Machi nilikuwa mwalimu wa zamu. Nikapita nyuma ya bweni, nikasikia msichana anasimulia hadithi kwa Kinyakyusa na bweni zima limekufa kwa kicheko. Nikaingia. Alikuwa yule nitakayemwita Tusa, mlinzi wangu wa goli, GK. Nikamvisha. Siku tatu, pamoja na mstarini.

Sikumpiga. Sikumtukana. Kwa vipimo vya shule zetu nilikuwa mpole, na nilijiona hivyo. Ila Tusa alinyamaza. Wanaojua netiboli wanajua GK anasimama nyuma kabisa, anaona uwanja wote, kazi yake nusu ni mikono na nusu ni mdomo: anawapanga wenzake, anawaambia nani kaachwa peke yake. Tusa wangu kuanzia Machi alikuwa anacheza kwa mikono tu. Nilidhani ni utu uzima unaingia. Nikaandika hata kwenye ripoti yake kwamba ametulia.

Sasa pale Karonga, bibi mmoja aliyekuwa anauza usipa (ndio hao dagaa wetu wa Nyasa) alikuwa anatuangalia muda wote huku anafukuza nzi kwa tawi. Mimi nilimpa shikamoo, akaitikia kwa kichwa, yakaisha. Tusa akainuka kutoka kwenye kivuli, akaenda hadi pale, akapiga magoti nusu, akasema, "Mugonile."

Bibi akaacha tawi.

Sikuelewa walichosema baada ya hapo. Nimezaliwa Bagamoyo, Kiswahili ndicho nilichonyonya, na kwa miaka sita hapa nimejua salamu na "ndaga fijo", yaani asante sana, basi. Lakini macho ninayo. Bibi alimshika Tusa mkono akawa hamwachii. Aliuliza jina la ukoo, Tusa akalitaja, mojawapo ya yale ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa-, na bibi akageukia wenzake sokoni akalirudia kwa sauti, wakaja wawili watatu. Kumbe Kingonde cha Karonga na Kinyakyusa cha kwetu ni kama ndugu wawili waliogawana shamba: lafudhi mbali kidogo, ukoo mmoja. Mto Songwe uliwekwa mpaka na Waingereza na Wajerumani, watu hawakuulizwa. Hili nalifundisha darasani kila mwaka, kwa Kiingereza, na ramani ubaoni.

Dakika 20 hazikufika. Mjukuu wa bibi alikwenda kwa baiskeli akarudi na mkanda, wa gari jingine lakini ulikubali. Mwenye spana, ambaye ghafla alikuwa na mengi ya kusema, aliufunga huku anabishana na Tusa kuhusu bei kwa niaba yetu. Tukapewa na chana mbili za ndizi. Bibi akachukua namba yangu, maana wanafunzi wangu hawana simu.

Nilikaa kiti cha mbele hadi Chiweta sikusema kitu. Barabara pale inaacha ziwa na kupanda ukuta wa mlima kwa kona zinazokunjana, nyani wamekaa pembeni kama wakusanya ushuru, na chini ziwa linazidi kuwa la bluu. Nyuma yangu wasichana walikuwa wanabishana kama ni Ziwa Nyasa au Ziwa Malawi. Huo ugomvi ni wa serikali mbili na una umri kuliko mimi, niliwaachia.

Nilichokuwa nawaza ni kile kichwa cha bibi alichonitikisia. Sitaki kumwekea maneno mdomoni, pengine jua tu lilikuwa limemchosha. Lakini mimi ni mwalimu wa Historia na ni mtu wa Bagamoyo, kulikoishia misafara. Mwaka 1887, hapo hapo Karonga, kwenye ziwa dogo la Kambwe, watu wa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa akizungumza Kiswahili, waliwavamia Wangonde wakawaua kwa wingi. Uhasama ukaenda hadi 1895, Waingereza walipomnyonga Mlozi, nao si kwa huruma yao. Kwa hiyo Kiswahili changu kitamu kiliwahi kuingia mji ule na bunduki. Nimekuwa mwepesi sana wa kudhani kwamba lugha yangu haijamkosea mtu.

Mzuzu kuna baridi ya kufanana na ya kwetu, masweta yakarudi. Wenyeji walitupokea kwa wimbo na kwa nsima. Naomba niseme kidogo kuhusu nsima. Sisi ugali tunaupindua kwenye sahani ukakaa kama kilima. Mpishi wao anachota kwa mti mpana aliouchovya kwenye maji, anausukuma ukingoni mwa sufuria, anaugeuza, na kinatua kwenye sahani kitu kilaini, chenye umbo la ulimi, kinang'aa. Kisha kingine juu yake. Wasichana wangu walihesabu kila mtu ana viwili, wakanitazama kwa huzuni. Walipomaliza hakuna aliyeweza kunyanyuka.

Mechi ya kwanza tulichapwa 41 kwa 19. Hakuna cha kutetea. Netiboli Malawi si mchezo wa kupitishia muda. Wale watoto wanakwambia habari za 2018, timu yao ya taifa ilipoifunga New Zealand 57 kwa 53 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Australia, kana kwamba walikuwepo uwanjani, na kila mfungaji pale anajiita Mwai Kumwenda. Unaruhusiwa kushika mpira sekunde tatu. Wao walitumia moja. Na walikuwa wanaitana kwa Kitumbuka mfululizo, kama ndege, wakati wangu wanachezea kimya, mmoja mmoja anatoa neno la Kiingereza, "pass!", halafu kimya tena.

Usiku ule nikaenda bwenini walikolazwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilitoka sentensi moja, kwamba kesho uwanjani kila mtu aongee anachotaka. Wakatazamana. Kapteni akauliza, "Chochote, madam?" Nikasema chochote. Tusa alikuwa anafunga kamba ya raba yake, hakuinua kichwa.

Siku ya pili alianza robo ya kwanza polepole, neno hapa, neno pale. Robo ya pili alikuwa anafoka. Sauti yake ilikuwa inatoka nyuma golini inapita uwanja mzima, na wenzake, hata yule wa Mwanza ambaye Kinyakyusa alikiokota bwenini, wanageuka kabla mpira haujafika. Hadi mapumziko tulikuwa tunaongoza kwa mabao manne. Nilirukaruka pale pembeni mpaka mwalimu wao akanisogezea kiti.

Robo ya tatu mambo yakaharibika. Kila Tusa akielekeza, GA wao, mmoja wa wafungaji, yupo pale pale keshafika. Mpira ukielekezwa kushoto, anaukutia kushoto. Mara ya kwanza nikasema bahati. Mara ya nne Tusa mwenyewe akasimama, akamtazama yule binti, akamuuliza kitu, na yule binti akacheka hadi akashika magoti. Ni wa Karonga. Alikuwa anasikia kila kitu tangu mwanzo.

Tukafungwa 33 kwa 29.

Wakati wa kurudi tulisimama Karonga, bibi hakuwepo sokoni siku hiyo. Tuliingia makumbusho, wasichana wakapiga picha na mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria aliyefukuliwa mkoa ule, na nadhani ndiyo picha wazazi wataoneshwa kuliko za netiboli.

Leo asubuhi simu yangu imeingia ujumbe wa sauti wa dakika mbili na nusu. Bibi. Nimeusikiliza mara tatu, nimeshika jina la Tusa na neno moja la kushukuru, basi. Saa ya chakula nikampelekea, alikuwa foleni na wenzake wa timu, sahani mkononi. Nikamsikilizisha, nikamwomba anitafsirie.

Akausikiliza hadi mwisho, uso umetulia. Kisha akanijibu kwa Kiingereza safi, kile kile cha darasani, kwamba anasikitika, madam, lakini ndani ya eneo la shule haruhusiwi.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kibao kiko kwenye droo ya ofisi ya walimu, na zamu yangu inaanza Jumatatu.