Sikuchagua Panzi kwa sababu ya Nobeli

Mwaka 2018 nilipopata diploma ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwa asilimia 68, kila mtu kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, aligeuka mshauri wangu, hata fundi viatu wa Nyawera. Nilisema nataka udaktari. Hakuna aliyeniuliza kemia naijua kiasi gani, waliniuliza dini. Mkatoliki aende chuo cha kanisa lake, UCB, Mprotestanti aende cha kwao, UEA, kule mtaa wa Panzi, na ambaye mfuko wake umetoboka ajaribu cha serikali, UOB. Kwao hesabu ilikuwa imekwisha.

Baba mdogo aliwashinda wote. Alitaka niende UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, "kwa sababu jina lake linajulikana mpaka Ulaya". Nauli ya ndege hakuitaja. Nilimkumbusha kwamba hata Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi udaktari aliusomea Bujumbura, hapo jirani tu, kabla ya kwenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Akanyamaza kidogo, kisha akaja na wazo jipya, na hilo ndilo lililotula pesa.

"Kuna chuo kimefunguliwa, mkubwa wake ni rafiki yangu. Utaingia moja kwa moja."

Jina lake silitaji. Ilikuwa nyumba ya kupanga, mlangoni wamechora nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, nyoka mwenyewe amenona kama kambare. Katibu alinipokea kwa tabasamu mno, na hilo peke yake lingenishtua, maana apariteri, karani wa kuandikisha wanafunzi, wa kweli hana muda wa kukuchekea. Nikalipa fomu na akonti, yaani malipo ya mwanzo, dola 50 na kitu, pesa ya mama ya kuuza vitenge. Siku ya tatu nikaomba kuiona laboratwari. Ufunguo ulitafutwa mpaka saa sita. Mle ndani mlikuwa na mikroskopu moja, imefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, kama redio ya nyanya. Naweza kuangalia? "Inangoja umeme." Profesa wa anatomia yuko wapi? "Anatoka Kinshasa." Anafika lini? "Akipata tiketi." Na staji, yale mazoezi ya kazi, tutafanyia hospitali gani? Hapo tabasamu likaisha, nikaambiwa mimi ni mtoto wa maswali mengi. Nikaongeza la mwisho, barua ya wizara ya kuwatambua. Nayo ilikuwa njiani, labda kwenye ndege moja na profesa.

Bila barua hiyo unasoma miaka yote, unafika kwenye Ordre ya madaktari kuandikishwa, unaambiwa wewe ni mtu aliyevaa bluzi nyeupe tu. Akonti haikurudi. Mama alikaa kimya wiki nzima. Heri angepiga kelele.

Toka siku hiyo nikaacha kusikiliza wenye mdomo, nikawaendea watu wa fotokopi. Najisifu kwa hili na sioni haya. Kando ya kila chuo kuna kibanda cha fotokopi, na kijana wa mashine anajua mambo ambayo rekta hatakuambia. Nilinunua mandazi, nikakaa kama mtu anayengoja kazi yake, tukala pamoja. Nikamwuliza: silabusi za mwaka wa kwanza wa udaktari huwa unatoa ngapi, na za mwaka wa pili? Namba hakunipa. Alinionyesha kwa mikono. Za mwaka wa kwanza zinapanda mpaka dirishani, za mwaka wa pili anazibeba kwapani.

Nikaelewa. Kati ya dirisha na kwapa ndipo watu wanapopotelea, na kinachowapoteza ni kemia, fizikia na hisabati. Mgonjwa bado humwoni. Pale pale nilimkuta mmoja aliyekuwa anarudia mwaka kwa ajili ya fizikia. Sekondari alisoma pedagojia, mambo ya ualimu, akadhani udaktari ni moyo wa huruma.

Nilizunguka vyuo vitatu kwa siku nne. Kimoja niliingia hadi ndani ya oditwari, ukumbi wa masomo, shati jeupe na daftari mkononi, hakuna aliyenishuku. Watu walijaa hadi mmoja akaniuliza mimi choo kiko wapi. Ukienda, usiulize majengo. Uliza kwenye mazoezi ya laboratwari wanafunzi wangapi wanashika kifaa kimoja.

Halafu, tarehe 5 Oktoba, Mukwege akatangazwa mshindi wa Nobeli ya Amani. Mji mzima ulipiga vigelegele, na mimi nilipiga. Kesho yake wale wa UCB na wa UNILU wakageuka pamoja: "Enda UEA! Staji wanafanyia hospitali ya Panzi, atakufundisha mwenyewe!" Mwaka wa kwanza mtu anafundishwa na jedwali la kemia la Mendeleyev, sio Nobeli. Nani angenisikiliza?

Nikachagua UEA. Haya, cheka. Mama mkubwa anakaa Panzi, na kutoka kwake mpaka chuoni unafika hujamaliza hindi la kuchoma. Ana batri ya jua, wakati kwetu Kadutu umeme ulikuwa unakatika usiku hasa unapofungua daftari. Nilipojumlisha pesa ya motari, pikipiki ya abiria, ya mwaka mzima, na matope ya mvua, niliona ingemeza kipande kizuri cha minervali, ada ya chuo. Na yule ndugu wa pedagojia naye alikuwa anahamia huko. Kemia yake ilikuwa kali, fizikia yangu haikuwa mbaya, tukawa tunafundishana Jumamosi juu ya mkeka wa mama mkubwa. Mimi nilipita sesheni ya kwanza ya mitihani, yeye ya pili.

Siku ya matokeo baba mdogo alifika na kreti ya bia ya Primus, akasimama mbele ya majirani.

"Huyu mtoto, mimi ndiye nilimwelekezaka Panzi!"

Wakampigia makofi. Dola 50 zangu bado namdai.